GAZETI HUONA MOTO, HALIONI VUMBI

Somo la kusomwa katika mkutano wa tawi au kikundi cha elimu ya wafanyakazi

Somo la safari hii linahusu habari. Tutaangalia jinsi magazeti, redio, televisheni na siku hizi simu za mkononi zinavyotufundisha kuuona uchafuzi wa mazingira, na vilevile zinavyotufundisha kutouona.

Huenda mwenzetu akasema kwamba hili si jambo la chama, kwa kuwa chama ni cha mishahara, likizo na kiinua mgongo. Lakini mwajiri akiachia sumu, wa kwanza kuivuta ni yule aliye kwenye zamu, na wa pili ni watoto wake walio nyumbani ng'ambo ya ukuta wa kiwanda. Tena siku jambo likiharibika, habari itakayoandikwa ndiyo itakayowaambia wananchi nani alaumiwe, nani alipwe na kitu gani kitengenezwe. Kama wafanyakazi hawakusema neno mapema, habari hiyo itaandikwa bila wao. Mara nyingi itaandikwa juu yao.

1. MTO MMOJA NA MJI MMOJA

Tuanze na mambo mawili ya hapa Zambia.

Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa kampuni ya Sino-Metals Leach ulibomoka. Maji yenye tindikali na madini mazito yaliingia katika kijito cha Mwambashi, na kutoka hapo yakaingia Mto Kafue. Samaki walielea wakiwa wamekufa. Mazao ya wakulima yaliungua. Maji ya bomba yalifungwa Kitwe. Serikali ilituma ndege kumwaga chokaa mtoni ili kupunguza ukali wa tindikali. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, ubalozi wa Marekani ulipowaamuru watumishi wake waondoke eneo hilo, habari ikarudi tena katika kurasa za mbele.

Sasa tuteremke kusini. Wenzetu wa reli ya TAZARA wanaoshuka Kapiri Mposhi, na madereva wanaoshika barabara kwenda Lusaka, hupita mji wa Kabwe. Hapo palichimbwa risasi na zinki tangu mwanzo wa karne iliyopita mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Risasi iliyotoka katika mitambo ilibaki ardhini. Wakati wa kiangazi upepo huipeperusha pamoja na vumbi. Watoto huchezea vumbi hilo, kisha hutia vidole mdomoni. Watafiti waliopima damu ya watoto wadogo wa mitaa ya Chowa, Kasanda na Makululu, na kutangaza matokeo mwaka 2015, waliona kuwa karibu wote walikuwa na risasi zaidi ya maikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, na wengine walikuwa nayo mara nyingi zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, naye hawezi kurudishiwa alichopoteza.

Mto Kafue uliingia habarini kwa siku moja. Kabwe ilisubiri miaka mingi. Iliingia katika magazeti ya dunia hasa mwaka 2006 na 2007, taasisi moja ya Marekani ilipoitia katika orodha yake ya mahali kumi pachafu kuliko pote duniani. Kisha ikasahauliwa tena, mpaka kesi ilipofunguliwa Afrika Kusini mwaka 2020 dhidi ya kampuni ya Anglo American. Vumbi lenyewe halikungoja orodha wala kesi. Lilikuwapo kila siku.

2. KWA NINI HABARI HUCHAGUA

Si haki kusema kwamba waandishi wa habari ni watu wabaya. Wengi ni wafanyakazi kama sisi, wana bosi, wana muda wa kumaliza kazi, na wengine mishahara yao huchelewa kuliko yetu. Tuangalie kazi yao ilivyo, ndipo tutaelewa.

Kwanza, habari hutaka tukio. Bwawa likibomoka leo, kesho ni habari. Vumbi lililokuwapo jana, lipo leo na litakuwapo kesho, hilo halina siku yake. Mhariri atauliza, "Kuna jipya gani?" Mwandishi hana la kujibu.

Pili, habari hutaka picha. Samaki waliokufa wanaonekana. Moshi mweusi unaonekana. Lakini risasi iliyo katika damu haipigiki picha. Mtoto mwenye sumu hiyo anaweza kuonekana akicheza mpira kama wenzake.

Tatu, habari hutaka msemaji. Kampuni ina ofisi ya uhusiano, ina taarifa iliyopigwa chapa, ina gari la kumchukua mwandishi na chai ya kumkaribisha. Mfanyakazi aliyeona koki ikivuja ana nini? Ana hofu ya kufukuzwa. Basi mwandishi huondoka na maneno ya upande mmoja, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Nne, gazeti huishi kwa matangazo. Kampuni kubwa ndiyo yenye matangazo makubwa. Hili halihitaji maelezo marefu.

Mambo haya manne yakikutana, mwananchi hujengewa wazo moja kichwani: kwamba uchafuzi ni ajali. Ni jambo linalotokea ghafla, linasafishwa, na linakwisha. Hajengewi wazo kwamba uchafuzi mara nyingi ni desturi ya kila siku ya kazi, inayoamuliwa ofisini na kuandikwa katika hesabu za matumizi.

3. CHUNGA MANENO NA VIPIMO

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mazuri, lakini baadhi yake yanaweza kumficha mtendaji. Sikiliza redio: "Bwawa limepasuka. Sumu imevuja. Mto umechafuka." Ni nani aliyefanya? Hakuna. Bwawa limejipasukia, sumu imejivujia, mto umejichafukia. Sasa geuza sentensi hizo ziwe maswali: Nani alilijenga bwawa? Nani alilikagua mara ya mwisho, na aliandika nini? Nani alijua, na alijua tangu lini? Mfanyakazi anayeulizwa habari na mwandishi asiseme "imevuja" akanyamaza. Aseme ni koki gani, iliripotiwa tarehe gani, na nani aliyepokea ripoti.

Angalia pia vipimo. Katika habari za Mto Kafue ilitajwa kwanza hesabu ya lita milioni 50. Baadaye kampuni ya usafishaji kutoka Afrika Kusini ikataja tani milioni 1.5, na kampuni ya mgodi ikaikataa hesabu hiyo. Msomaji anayepita haraka huona 50 na 1.5, akadhani ya kwanza ndiyo kubwa. Hebu tupige hesabu. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Kwa hiyo lita milioni 50 ni kama tani 50,000. Tani milioni 1.5 ni mara 30 ya hizo. Somo hili haliamui nani alikuwa sahihi. Linasema tu kwamba hesabu mbili zikiandikwa kwa vipimo tofauti, msomaji haoni kwamba pana ugomvi mkubwa. Kazi ya tawi ni kuziweka katika kipimo kimoja kabla ya kuzijadili.

4. BHOPAL: WALIOONYA KABLA YA USIKU ULE

Mtu anaweza kusema: "Basi dawa ni kumwambia mwandishi mapema." Ni kweli, lakini haitoshi. Ili tuelewe kwa nini haitoshi, twende India, kwa sababu huko wafanyakazi walisema mapema, na mwandishi akaandika mapema.

Katika mji wa Bhopal kulikuwa na kiwanda cha dawa ya kuua wadudu. Kilikuwa cha kampuni ya Union Carbide India, na zaidi ya nusu ya hisa zake zilikuwa za Union Carbide ya Marekani. Kiwanda kilitumia gesi kali iitwayo methili isosianeti. Desemba 1981 mfanyakazi mmoja aliuawa na gesi ya fosijini humo kiwandani. Mapema mwaka 1982 wengine zaidi ya ishirini waliumizwa na gesi. Vyama vya wafanyakazi wa kiwanda vilibandika mabango mjini kuwaonya wananchi.

Palikuwa na mwandishi kijana wa Bhopal, Rajkumar Keswani. Mfanyakazi aliyekufa alikuwa rafiki yake. Alianza kuchunguza, na wafanyakazi wakampa habari za ndani. Mwaka 1982 aliandika makala mfululizo katika gazeti lake dogo la kila wiki, Rapat, akieleza kwamba mji mzima umekaa juu ya hatari. Desemba mwaka huo waziri wa kazi wa jimbo aliliambia bunge la jimbo kwamba hakuna hatari. Keswani aliandika tena Juni 1984, safari hii katika gazeti kubwa zaidi, Jansatta. Hakuna lililobadilika.

Wakati huo kiwanda kilikuwa kikipunguza matumizi. Mwaka 1985 ujumbe wa mashirikisho ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi, ICFTU na ICEF, ulichunguza na kutoa ripoti. Ulieleza kwamba katika sehemu ya gesi hiyo wafanyakazi wa zamu walipunguzwa kutoka 12 hadi 6, na wa matengenezo kutoka 6 hadi 2. Mtambo wa kuipoza gesi ulizimwa katikati ya mwaka 1984. Mnara wa kuchomea gesi inayotoroka ulikuwa umefunguliwa kwa matengenezo.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi. Gesi ikachemka, na tani kama 40 zikatoka na kushuka juu ya nyumba za maskini zilizozunguka kiwanda. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa watu 2,259 waliokufa. Baadaye serikali ya jimbo ilithibitisha vifo 3,787, na vyama vya walionusurika husema waliokufa ni wengi zaidi sana. Waliodhurika, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi nusu milioni.

Sasa magazeti yote ya dunia yakaja. Makala za Keswani zikatafutwa, naye akapewa tuzo mwaka 1985. Maneno yaleyale, ukweli uleule. Tofauti ni kwamba mwaka 1982 yalikuwa maneno ya gazeti dogo na wafanyakazi waliotajwa kuwa wakorofi, na mwaka 1984 palikuwa na maiti za kupigwa picha.

5. NENO "HUJUMA"

Kilichofuata kinatuhusu zaidi. Kampuni ilidai kwamba kilichotokea kilikuwa hujuma. Mwaka 1988 mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni alitoa maelezo kwamba mfanyakazi mmoja mwenye kinyongo aliunganisha mpira wa maji na tangi kwa makusudi. Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyewahi kushtakiwa mahakamani kwa hujuma hiyo. Lakini hadithi ilikwisha kuingia magazetini.

Angalia nguvu ya hadithi hiyo. Ina tukio, ina mtu mmoja, ina kinyongo. Ni rahisi kuisimulia. Hadithi ya wafanyakazi 12 waliofanywa 6 haina mtu mwovu wa kuchorwa. Ina barua za ofisi, hesabu za matumizi na vipuri visivyonunuliwa. Msomaji aliyechoka jioni ataishika ya kwanza.

Na sisi je? Malori yetu huleta salfa kutoka Dar es Salaam na hurudi na shaba. Mengine hubeba tindikali. Likipinduka lori, kichwa cha habari hujulikana kabla hakijaandikwa: "Uzembe wa dereva." Inawezekana ni uzembe. Lakini nani atauliza dereva huyo alikuwa ameendesha saa ngapi bila kulala, nani aliagiza safari hiyo, na breki zilikaguliwa lini? Nani atauliza tindikali iliyoingia kisimani ilisafishwa na nani? Maswali hayo yasipoulizwa, mwananchi ataamini kwamba kisima kiliharibiwa na dereva, na mwenye lori ataajiri dereva mwingine kwa masharti yaleyale.

6. MIAKA ARUBAINI BAADAYE

Mwananchi wa kawaida duniani, ukimtajia Bhopal, hukumbuka usiku mmoja. Kila Desemba magazeti hukumbusha usiku huo. Lakini kiwanda kilikuwa kikitupa mabaki yake katika mashimo na mabwawa tangu miaka ya 1970, na sumu ikaingia katika maji ya visima vya jirani. Mwaka 1989 kampuni ilikubaliana na serikali ya India kulipa dola milioni 470, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Mabaki yalikaa palepale. Mwezi wa Januari 2025 ndipo tani 337 za mabaki ya sumu zilipochukuliwa kwenda kuchomwa Pithampur, ambako wananchi waliandamana kuyakataa. Ardhi na maji ya Bhopal havikuhamishwa.

Hivyo Bhopal yenyewe ilikuwa Kafue na Kabwe kwa pamoja. Ilikuwa na usiku wa moto, na ilikuwa na vumbi la miaka. Gazeti liliuona ule usiku.

7. "TUKISEMA TUTAPOTEZA KAZI"

Hili ndilo jambo ambalo wanachama wengi hulifikiri, na wengine hulisema waziwazi: kelele za mazingira zitafunga kiwanda, nasi tutakula nini? Hofu hii si ya kuchekwa. Mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba hawezi kuambiwa tu "kuwa shujaa."

Lakini tuiangalie Kabwe. Mgodi haukufungwa na kelele za magazeti. Ulifungwa mwaka 1994, wakati ambapo watu wachache sana nje ya mji walikuwa wakizungumzia sumu yake. Kazi ziliondoka, risasi ikabaki. Wafanyakazi wa pale walinyamaziwa na dunia nzima, na ukimya huo haukuwalindia hata ajira moja. Mgodi unaokaguliwa na kutengenezwa huhitaji mafundi zaidi, si wachache. Anayepunguza mafundi kutoka sita hadi wawili ndiye anayekula kazi zetu, na ndiye huyohuyo anayetuletea sumu.

8. KAZI YA TAWI

Kutokana na hayo tuliyojifunza, kila tawi linaweza kufanya mambo haya bila kungoja makao makuu:

(a) Kuwa na daftari la hatari. Kila tukio liandikwe: tarehe, saa, zamu, kilichotokea, nani aliarifiwa na alijibu nini. Andika mambo madogo. Ukurasa wa daftari lililoandikwa miezi sita kabla ya ajali una nguvu kuliko hotuba kumi baada ya ajali.

(b) Kutofautisha "niliona" na "nilisikia." Tukimpa mwandishi uvumi mmoja ukaonekana ni uongo, kweli zetu tisa zitatupwa pamoja nao. Vilevile tusisambaze kwa simu picha ambayo hatujui imepigwa wapi na lini.

(c) Kusema kwa jina la tawi. Mwandishi akija, waende viongozi wawili au watatu, wakiwa na daftari. Mfanyakazi mmoja asiachwe asimame peke yake, maana yeye ndiye atakayefukuzwa, na baadaye ndiye atakayeitwa mhujumu.

(d) Kumwita mwandishi siku ya kawaida, siku isiyo na ajali. Tumwonyeshe vumbi, mfereji, na mahali watoto wanapocheza. Tumpe "jipya" analolitaka: matokeo ya vipimo, barua isiyojibiwa, idadi ya mafundi waliopunguzwa.

(e) Kushirikiana na wakazi. Akina mama wa mtaa ndio wanaojua mtoto gani haelewi shuleni na kisima gani kimebadilika ladha. Sisi tunajua kinachotoka kiwandani. Tukikaa mbalimbali, kila upande una nusu ya habari. Tusimtoe mtoto wa mtu kupigwa picha bila mzazi wake kukubali.

(f) Kurudi. Baada ya miezi mitatu mwandishi atakuwa ameshahamia habari nyingine. Katibu wa tawi amwandikie tena: waliahidi nini, wametimiza kipi, kipi bado.

Ndugu mfanyakazi, hatuwezi kuligeuza gazeti lipende vumbi kuliko moto. Lakini tunaweza kulihesabu vumbi, kuliandika na kulitaja jina la mwenye nalo, ili siku moto utakapowaka mtu asiweze kusema kwamba hakuna aliyejua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja jambo moja la hatari katika kazi yako ambalo limekuwapo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Je, limewahi kutajwa katika gazeti au redio? Kwa nini?

2. Chukua habari moja ya ajali kutoka gazeti la wiki hii. Nani amenukuliwa? Nani hakuulizwa? Piga mstari chini ya maneno yanayomficha mtendaji.

3. Tawi lenu likiulizwa kesho na mwandishi wa habari, lina maandishi gani ya kumwonyesha?

4. Nani atashika daftari la hatari katika kila zamu? Chagueni majina kabla mkutano haujafungwa.